Siku 90 au miezi 3?

Mkataba wa kodi ukisema "siku 90", usisome "miezi mitatu". Wengi wetu tunavichanganya, mimi nikiwemo.

Chukua Julai 1. Miezi mitatu inakufikisha Oktoba 1, basi, huhitaji hata kalenda. Siku 90 zinaishia Septemba 29. Hesabu: Julai imebakiza 30, Agosti ina 31, jumla 61, ongeza 29 za Septemba. Siku mbili hizo ndizo zinazokuletea faini.

Uzuri wa miezi ni kwamba tarehe inabaki ileile, rahisi kukumbuka kama siku ya mshahara. Ubaya wake unaonekana mwisho wa mwezi. Novemba 30 ukiongeza miezi mitatu unaangukia Februari, na huko hakuna tarehe 30. Excel yenyewe (fomula yake ya kuongeza miezi, EDATE) inakurudisha 28, au 29 mwaka mrefu.

Siku hazina utata huo, ila lazima uhesabu. Mimi hutaja miezi kwa zamu juu ya vifundo vya ngumi na mabonde yaliyo kati yake: kifundo siku 31, bonde 30, Februari peke yake. Kujihakiki, 90 ni wiki 12 na siku 6, kwa hiyo ukianza Jumatano utaishia Jumanne. Ukipata siku nyingine, rudia.

Halafu kuna swali la siku ya kwanza. Sheria ya Kenya ya kufasiri sheria haiihesabu siku ya tukio, labda iwe imeelezwa vinginevyo. Mikataba ya mtaani hainyooshi jambo hili, kwa hiyo mimi huomba waandike tarehe yenyewe.