Kipimo cha DNA cha dola 99 na shamba la wakfu la babu yetu

Nimekuwa karani wa vizazi na vifo hapa Lamu kwa miaka 27, mpaka nilipostaafu. Nimeandika watoto wa Langoni na Mkomani, wa Matondoni, wa Faza, wa Kizingitini. Nimeona baba mmoja akiandikwa kwa majina matatu katika vyeti vya wanawe watatu, na wazee waliokadiriwa mwaka wa kuzaliwa kwa kutazamwa mvi tu. Kwa hiyo niliponunua kipimo cha DNA sikukitafuta kwa udadisi wa kujua kama mimi ni Mshirazi au Mwarabu. Nilikuwa na kesi.

Babu mzaa bibi yangu aliweka wakfu shamba la minazi na miembe mwaka 1911, kwa ajili ya wanawe wa kiume na wa kike na vizazi vyao. Hati ipo, kwa herufi za Kiarabu, na muhuri wa kadhi. Haitaji jina la mtoto hata mmoja. Miaka minne iliyopita akaja bwana mmoja kutoka Malindi, fundi cherehani wa umri wa miaka 58, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa binti wa mwenye wakfu kwa suria wake. Watu wa nyumbani kwetu wakakataa palepale. Walisema bibi huyo alikuwa mtoto wa mjakazi tu, na jina la babu yetu alilibeba kama walivyobeba watumwa wengi majina ya mabwana zao. Na hilo ni kweli kwamba lilitendeka, tena sana. Ndiyo maana jina peke yake halikuweza kumsaidia, wala halikuweza kumwangusha.

Kipimo chenyewe alikileta binamu yangu anayeishi Burlington, Vermont, kule Marekani, alipokuja kwa Maulidi. Vilikuwa vifurushi vitatu, kila kimoja dola 99, yaani karibu shilingi 13,000. Ndani mna kichupa, faneli ndogo, maji ya kuhifadhia na namba ya kusajili kwenye mtandao. Usile wala usinywe kwa nusu saa, uteme mpaka mate yafike kwenye mstari, povu lisihesabiwe, ufunge, utikise. Mimi na yule bwana wa Malindi tulimaliza kwa dakika kumi. Mjomba wangu, miaka 84, alichukua wiki mbili.

“Mate yangu yende kwa watu nisiowayua?” aliniuliza. Nilimwambia ukweli: yeye ni mjukuu wa mwenye wakfu na mimi ni kitukuu, kwa hiyo yeye amebeba mengi ya babu kuliko mimi, na akiondoka ameondoka nayo. Mtoto huchukua nusu ya DNA yake kwa kila mzazi, mjukuu ana kama robo ya babu yake, kitukuu thumni, na kila ngazi mgawo unapungua. Ukifika kizazi cha saba au cha nane nyuma, unaweza kuwa na babu wa halali kabisa katika nasaba yako na usiwe na chembe yake mwilini. Akanyamaza, akaomba kichupa. Kama mnataka kufanya kazi hii, anzeni na wazee. Hilo ndilo shauri langu kubwa kuliko yote.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba kwenye simu. Ukurasa wa kwanza ni ule ambao kila mtu huuonyesha wenzake: ramani yenye rangi na asilimia. Yangu ilisema Afrika Mashariki 61, kusini mwa Uarabuni 19, Somalia 9, Uajemi 7, India 4. Miezi mitano baadaye kampuni ikafanya marekebisho, Uajemi ikashuka hadi 2 na Somalia ikapanda hadi 15. Bibi zangu hawakufufuka wakahama. Kilichobadilika ni kundi la watu ambao kampuni inatulinganisha nao, na katika kundi hilo watu wa pwani yetu ni wachache mno. Ramani hii naipa nyota moja kati ya tano. Naumia ninapowaona vijana wa Lamu wakitambiana kwayo barazani.

Anayetaka kujua asili ya Waswahili kwa jumla, yako mambo mazito zaidi. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa, wengi wao pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wakiwemo wa Mtwapa, na wa Manda na Faza huku kwetu. Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioongoza. Waligundua kuwa kwa wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba ilitokana na Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi ndipo Uarabuni ukazidi. Nimeusoma kwa mapenzi makubwa. Lakini utafiti huo unasimulia habari za watu wa pwani. Haukuambii wewe na mimi nani ana haki katika shamba la nani.

Hapa ndipo binamu yangu aliponifungua macho. Burlington kuna Wasomali Wabantu na Wakongo wanaosema Kiswahili, na jimbo lao lina mzozo mkubwa wa nasaba. Kuna taifa la wenyeji wa asili waitwao Waabenaki. Jumuiya zao mbili zinazotambuliwa Kanada, Odanak na Wôlinak, ziko Quebec. Upande wa Vermont yako makundi manne yaliyojitambulisha kuwa Waabenaki, na serikali ya jimbo ikayatambua mwaka 2011 na 2012. Odanak na Wôlinak wanapinga. Wanasema wengi wa watu hao si jamaa zao, na wanataka waonyeshwe nasaba.

Nilimwomba anitumie maandishi, nikayasoma kama nilivyokuwa nikisoma mafaili ofisini. Kabla ya hapo, kundi moja kati ya hayo manne, la Missisquoi, liliomba kutambuliwa na serikali kuu ya Marekani. Mwaka 2007 lilikataliwa. Kati ya wanachama wake 1,171, ni 8 tu walioonyesha kuwa wametokana na Mwabenaki anayejulikana katika kumbukumbu. Mtafiti Darryl Leroux naye alifuata nasaba za watu wa makundi hayo katika kumbukumbu za ubatizo na ndoa za makanisa, akawakuta mababu wao wengi ni Wafaransa wa Quebec.

Makundi yenyewe hujibu kwamba familia zao zilijificha kwa hofu. Na hofu si hadithi: kati ya 1925 na 1936 Profesa Henry Perkins wa Chuo Kikuu cha Vermont aliendesha uchunguzi wa koo zilizodhaniwa ni duni, mwaka 1931 jimbo likapitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi, na bunge la jimbo likaomba radhi mwaka 2021. Mimi niliposoma hayo nilisita. Huku kwetu pia watu walificha asili. Ni nani mwaka 1907, utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya, aliyetaka kuandikwa mtoto wa mtumwa? Lakini ukificha jina lako kwa jirani, padri aliyekubatiza bado amekuandika na mama yako, na mama yako na mama yake. Kujificha kunaeleza kwa nini mtu amenyamaza. Hakuwezi kuwa ndiyo ushahidi wa kilichofichwa.

DNA kule haikusaidia kama watu walivyotarajia. Mwaka 2018 shirika la habari la CBC la Kanada lilitangaza kuwa maabara moja ya Toronto ilipelekewa mate ya mbwa mdogo wa aina ya chihuahua, ikajibu kuwa ana asilimia 12 za Kiabenaki na 8 za Kimohawk. Mbwa! Na watu walikuwa wakitumia karatasi za namna hiyo kudai uenyeji. Nilipomsomea mjomba habari hiyo alishika kichwa akasema, “Basi na kwetu tusianguke kwa ile ramani.”

Hatukuanguka. Kipimo hiki kina ukurasa wa pili, orodha ya jamaa, na huo naupa nyota nne. Hauangalii asili. Unalinganisha watu wawili na kuhesabu vipande vya vinasaba walivyorithi pamoja, kwa kipimo kiitwacho sentimogani. Mjomba na yule bwana wa Malindi walikutwa na 188. Mimi na bwana huyo, 74. Si bahati nasibu hiyo, ni damu.

Wa nyumbani kwetu wakasema: sisi Lamu tunaoana binamu kwa binamu, kila mtu ni jamaa wa kila mtu. Ni hoja nzuri, na katika mji wetu hesabu hizi huvimba kwa sababu hiyo hasa. Lakini mama yake ni Mgiriama na babu yake mzaa baba ni mtu wa Mambrui. Njia yake ya kuja Lamu ni moja tu, ni yule bibi.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu kweli, na aliileta mjomba mwenyewe. Mwenye wakfu alikuwa na ndugu, baba mmoja mama mmoja. Je, bibi yule akiwa binti wa ndugu huyo? Nilikaa na majedwali usiku mzima. Kama baba ni mwenye wakfu, mjomba na bwana yule wangetarajiwa kushirikiana kama 220. Kama ni nduguye, kama 120. Walichopata, 188, kinaweza kuangukia popote. Yangu, 74, inafanana zaidi na ya mtoto wa ndugu. Kipimo kilifika hapo kikasimama. Kampuni ilituandikia “binamu wa mbali” na mshale. Aliyeamini kwamba mashine itamaliza mambo, hapo ndipo atakapojuta dola zake.

Kilichomaliza ni karatasi. Kwenye jalada la ndani la msahafu wa familia mna orodha ya vifo kwa wino mwekundu, na ndugu wa mwenye wakfu amefariki mwaka 1312 Hijria, yaani 1894 au 1895. Nikapanda basi Mokowe kwenda Malindi, nikaomba kuona vyeti vyao vyote. Kitambulisho cha bibi kina mwaka wa kukadiriwa, sikukijali. Nilitafuta cheti cha mwanawe wa mwisho, nikakipata, kimeandikwa Malindi mwaka 1947. Kama bibi alikuwa binti wa marehemu yule, hangekuwa amezaliwa baada ya mwanzo wa 1896, hata kama baba alimwacha tumboni, na angekuwa amejifungua akiwa na miaka 50 au zaidi. Miaka 27 ya kuandika vizazi, sijapata kumwandika mama wa umri huo.

Nilifunga faili nikalia kidogo, kwa kuwa nilijua ninarudi Lamu kuwaambia watu wangu kwamba tumemkosea mtu, na bibi yake kabla yake.

Kisheria, majibu ya mate hayawi nasaba. Mahakama ya kadhi inatazama ndoa, ikrari na mashahidi, na mtoto wa suria aliyekiriwa na bwana wake ni mtoto kamili. Bado kuna mzee mmoja wa Shela ambaye mamake alimsikia mwenye wakfu akimwita yule binti “mwanangu” mbele ya watu. Atasema hayo mbele ya kadhi. DNA ilitufanya tumtafute, na tulikuwa tumekaa miaka minne bila kumuuliza.

Neno kuhusu usiri. Oktoba 2023 ilijulikana kuwa kampuni kubwa ya vipimo hivi, 23andMe, imevamiwa na wadukuzi, taarifa za watu karibu milioni 6.9 zikatoka, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini mate yako yako ng'ambo. Mimi nilipopata nilichotaka nilipakua data zetu, nikafuta akaunti zote tatu na kuomba vichupa viharibiwe. Fanyeni hivyo, tena muwaombe ruhusa jamaa zenu kabla ya kutema, kwa sababu hutemi yako peke yako.

Kwa jumla nakipa nyota tatu. Kinafaa kwa swali moja la karibu, la kizazi cha nne au cha tano, mkiwa na wazee hai na karatasi mezani. Msikinunue kwa ajili ya kujua ninyi ni kabila gani.

Kampuni hutoa pia programu ya kuchora mti wa ukoo. Nilipofika kwa yule suria, kisanduku kilibaki kitupu na programu ikajaza yenyewe, “Hajulikani”. Msahafu wetu haukumwandika. Hati haikumtaja. Nilimpigia bwana wa Malindi simu nikamuuliza kama kwao walikuwa na jina lake.

“Tunalo, dada,” akasema. “Bibi alitufundisha tulitaje kila Alhamisi usiku tukimsomea.”

Akanitajia. Nikalifuta lile neno, nikaliandika jina, nikampelekea mjomba simu alitazame.