Gego la utoto lililosafishwa mizizi: huduma, bei na nilichokiona kitini

Kwa jino la utoto lenye usaha kwenye fizi, huduma hii ya kusafisha mizizi inastahili kulipiwa, kwa masharti mawili: daktari apige picha ya eksirei kabla hajagusa chochote, na jino livalishwe kofia ya chuma likishasafishwa. Kliniki niliyompeleka binti yangu hapa Dar es Salaam ilitimiza yote mawili. Mapokezi yao yana kasoro, nitazisema, lakini kazi ya pale kitini ningemwombea kila mtoto aipate.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Muda wa uji nawaona wanaotafuna upande mmoja, wanaolowanisha andazi mpaka lilainike ndipo wameze, wanaoshika shavu hesabu zikiendelea ubaoni. Nikimwita mzazi, jibu nalijua: "Mwalimu, si jino la utoto hilo? Litang'oka tu." Ni kweli litang'oka, ila lini? Meno ya mbele huanza kudondoka mtoto akiwa na miaka 6 au 7. Gego la mwisho la utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Binti yangu ana miaka 5, na lililooza ni hilohilo la mwisho, chini kushoto. Alikuwa bado analihitaji kwa miaka mingi ya kula. Tena nyuma yake ndiko linakoota gego la kwanza la ukubwani, kwenye umri wa miaka 6. Likikuta pengo mbele yake, husogea na kukalia nafasi ya jino lingine la kudumu linalosubiri chini ya fizi. Baadhi ya meno yaliyopandana tunayoyaona sekondari yalianzia kwenye pengo la namna hiyo.

Dalili zetu zilikuwa za kawaida. Kipele kwenye fizi, chini kidogo ya jino, kinajaa, kinatumbuka, maumivu yanapoa, kinajaa tena. Usiku aliamka analia. Tulianzia kwenye zahanati moja tukaandikiwa antibayotiki, uvimbe ukapungua, ukarudi, tukaandikiwa tena. Hakuna aliyelifungua jino. Jambo hili linaniuma, maana kiini cha jino kikishakufa damu haipiti humo, na dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Inatuliza fizi ya nje, uozo wa ndani ya mizizi inauacha palepale. Dawa hizo zina mahali pake: mtoto akiwa na homa, au uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au kushuka chini ya taya, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku usiku ikibidi.

Bibi yake upande wa baba alisema, "Mwanangu, ling'oeni, mtoto asiteseke." Alisema kwa huruma, na yapo meno ambayo ushauri wake ndio sahihi. Ndiyo maana nasisitiza picha.

Tulipoingia chumbani binti yangu aliamkia, "Shikamoo dokta." "Marahaba, mama," daktari akaitikia, akavuta kigoda akakaa macho yao yakalingana. Mtoto alipimwa uzito kwanza, kwa kuwa ganzi ya watoto hupimwa kwa kilo. Kisha eksirei, na daktari akaniita nitazame. Mizizi ya lile gego imetanuka pande mbili, na katikati yake kuna kivuli cha mviringo: jino la ukubwani linajiumba. Nikaelewa kwa nini mtu huyu hakuwa na haraka. Chuma cha kusafishia kikipitiliza ncha ya mzizi, kinachoweza kuumia ni jino ambalo mwanangu atazeeka nalo.

"Mizizi ikiwa imeshaliwa sana, au sakafu ya jino, pale mizizi inapoachana, imetoboka, au limebaki ganda lisiloweza kushika kofia, mimi nang'oa, halafu naweka chombo cha kushikilia nafasi," aliniambia. Letu lilikuwa na mizizi mirefu na sakafu nzima. Tukakubaliana kulisafisha.

Alimpaka jeli ya ganzi kwenye fizi, akasubiri, ndipo sindano. Mtoto alilia. Kidogo, lakini alilia, na bango lao la nje linaloahidi matibabu "bila maumivu yoyote" wangelirekebisha. Mzazi akimwambia mtoto ukweli, kwamba atahisi kuchomwa kidogo kisha mdomo utalala, mtoto anavumilia vizuri zaidi. Baada ya hapo aling'atishwa kipande cha mpira ili taya isichoke, na jino likazungushiwa karatasi ya mpira iliyobanwa kwa kibanio, likabaki limechomoza peke yake. Karatasi ile inazuia dawa isimezwe na kijichuma kisidondokee kooni. Daktari akitaka kusafisha mizizi ya mtoto wako bila karatasi hiyo, muulize sababu.

Kazi yenyewe niliitazama nikiwa nimesimama miguuni kwa mtoto. Daktari alifungua jino kwa juu, akatoa kilichooza, vitundu vya mizizi vikaonekana. Pembeni alikuwa na vijichuma vyembamba vyenye vishikio vya rangi: nyeupe, njano, nyekundu, bluu, kila rangi ikiwa nene kidogo kuliko iliyotangulia. Kila kijichuma kimevishwa kipete cha mpira, na kipete hicho alikisogeza juu ya rula ndogo mpaka urefu aliousoma kwenye picha, akapunguza milimita 1 au 2 ili ncha isifike mwisho wa mzizi. Binti yangu alipewa kazi: dokta akitaja rangi, yeye anaonyesha kwa vidole ni ya ngapi. Kwenye bluu aliinua vidole vinne bila kufungua macho.

Ila vijichuma ni nusu ya kazi. Mifereji ya mizizi ya utoto ni bapa kama utepe na ina vichochoro vya pembeni, kwa hiyo chuma chembamba hakiwezi kugusa kuta zote. Kinachofika huko ni maji ya dawa. Alitumia sodiamu haipokloraiti, kemikali iliyomo pia kwenye jiki, iliyopunguzwa nguvu na kupimwa na mtu aliyesomea (nyumbani jiki isisogee kabisa kinywani mwa mtoto). Kila baada ya kijichuma kimoja aliyamimina taratibu kwa sindano butu, msaidizi akiyavuta kwa bomba. Yalitoka ya kahawia, baadaye ya kijivu, mwishowe meupe. Kisha akaingiza vijiti vya karatasi vya kukaushia. Cha kwanza kilitoka na doa la njano. Msaidizi alikuwa ameshashika dawa ya kujazia. Daktari akatikisa kichwa, akarudi kuosha upya. Hapo ndipo nilipomwamini. Hakuna mzazi ambaye angejua kama angeliacha lile doa humo ndani.

Mizizi ilijazwa dawa laini ya njano yenye iodofomu na kalsiamu haidroksaidi. Kwa mtu mzima hutumika kitu kinachodumu humo maisha yote. Kwa mtoto lazima iwe dawa inayoyeyuka, kwa sababu jino la ukubwani likipanda, mizizi ya la utoto huliwa polepole, na kilichomo ndani kinatakiwa kiondoke nayo. Juu yake ikawekwa saruji ya zinki na mafuta ya karafuu, chumba kizima kikanukia Pemba. Ni mafuta yaleyale ambayo wazee hupaka jino linalouma. Yanatuliza kweli, lakini kuoza kunaendelea chini yake.

Kofia ilivalishwa miadi iliyofuata. Zinakuja tayari kiwandani kwa saizi zenye namba. Daktari anajaribisha moja baada ya nyingine mpaka apate inayobana, anaigandisha kwa saruji. Wiki ile ya kwanza mtoto alilalamika kwamba meno hayakutani sawa. Tulikuwa tumeshaambiwa itakuwa hivyo, na ikakaa sawa yenyewe. Rangi ni ya fedha, inaonekana akicheka, naye anaionyesha kwa furaha. Kuna wazazi wanaoikataa kwa ajili ya rangi. Nawasihi wafikirie tena: gego lililochimbwa ndani likiachwa na ujazo mtupu hupasuka au huvuja, na likivuja wadudu wanarudi mizizini, fedha yote imepotea.

Sasa mapokezi. Nililipa shilingi 30,000 za eksirei, 150,000 za kusafisha na kujaza mizizi, na 120,000 za kofia. Bei hizo hazikubandikwa popote, na ya kofia nilitajiwa mtoto akiwa ameshalala kitini, wakati ambapo mzazi hana namna ya kujadiliana. Si haki. Bima yetu ilikubali kulipia picha na ingelipia kung'oa, lakini kofia ilikataa, na jambo hilo dada wa mapokezi angeweza kulichungulia mapema. Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi, tukaingia karibu saa tano, katika ukumbi wenye feni moja na watoto wenye njaa.

Kubwa kuliko hayo ni maelekezo ya kurudi nyumbani, ambayo yalisemwa kwa mdomo tu huku mtoto anasinzia begani. Ganzi ya taya la chini inaacha mdomo na ulimi vimelala kwa saa kadhaa, na mtoto asiyehisi kitu huanza kuutafuna mdomo wake mpaka uvimbe. Mimi nilisikia nikamkalia macho, nikamzuia kula mpaka mdomo uamke. Mama niliyekaa naye ukumbini hakuambiwa chochote, nikamwambia mimi. Karatasi moja iliyopigwa chapa ingetosha. Waliahidi pia kupiga simu kuulizia hali, hawakupiga. Nikapiga mwenyewe, na daktari akaja kwenye simu bila kuchelewa.

Kipele kimekauka, fizi imerudi rangi yake, na mahindi ya kuchoma anayatafuna upande wa kushoto. Baada ya miezi sita tutapiga picha nyingine kuona mfupa unavyopona. Daktari aliniambia wazi kwamba si kila jino huitikia: kipele kikirudi, litang'olewa na pengo litashikiliwa. Nilipenda kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Ukitaka kwenda kliniki yoyote kwa kazi hii, piga simu kwanza uulize bei tatu kwa mpigo, picha, mizizi na kofia, na kama wanatumia karatasi ya mpira kwa watoto. Omba miadi ya kwanza kabisa ya asubuhi, mtoto hajachoka. Mlishe kabla hamjatoka, kwa sababu baada ya ganzi atakaa muda mrefu bila kula. Na omba nakala ya eksirei. Pale kwetu walinitumia kwenye simu nilipoomba, na hawakuniongezea hata shilingi.