Wakili wa aliyewekewa vikwazo: leseni ya jumla au maalumu?

Uingereza, mtu ambaye mali zake zimezuiwa humlipa wakili kwa leseni tu. Ya jumla, ambayo OFSI, ofisi ya vikwazo iliyo chini ya Hazina, ilianza kuitoa Oktoba 2022, haina maombi: timiza masharti, pokea malipo, kisha toa taarifa. Tatizo ni ukomo. Ile ya kwanza, kwa vikwazo vya Urusi na Belarus, iliishia pauni 500,000, VAT ikiwemo, na kesi nzito hula fedha hizo upesi (mawakili wa London si wa bei poa). Leseni maalumu huombwa, na ada huchambuliwa: nani atafanya nini, kwa muda gani, kwa kiwango gani. Kwa ushauri mdogo, kuiomba ni kujisumbua.