Baiskeli ya resi: uchukue ya zamani ama ya kisasa? Orodha yangu hii hapa

Ukianza kutafuta baiskeli ya resi Nairobi utachanganywa kichwa. Wa mtumba atakuapia chuma cha zamani hakifi, wa dukani naye atakwambia bila breki za diski (zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu) na gia za betri hujaanza hata kuendesha. Wote wako kazini bana. Kwa maoni yangu vitu vya kisasa vyenye faida kweli kwa mtu wa kawaida ni vitatu: kubadilisha gia palepale kwenye breki, tairi pana, na breki zinazoshika kwenye mvua. Vingine vingi ni mfuko wako unatafutwa.

Ati nabisha tu? Haya, mwaka 1972 bingwa wa baiskeli Mbelgiji, Eddy Merckx, alienda kilomita 49.431 kwa saa moja uwanjani Mexico City. Mwaka 2000 Mwingereza Chris Boardman akajaribu, sheria ikimtaka atumie baiskeli ya mtindo ule ule wa Merckx, akampita kwa mita 10. Mita kumi jameni, baada ya miaka 28! Na huyo huyo Boardman 1996 alikuwa ameshafanya 56.375, amenyoosha mikono mbele kama Superman juu ya baiskeli ya kukata upepo. Kwa hivyo teknolojia ipo, ila sehemu kubwa ni vile mwili unakaa kwenye upepo.

Namba 1: alumini ya kati ya 2008 na 2018, gia 10 ama 11 za waya, breki za rimu (mipira inayobana ukingo wa gurudumu). Hapa ndio ningeweka pesa yangu. Uma wa mbele mara nyingi ni kaboni, uzito kilo 9 na kitu, na waya ama mpira wa breki ukiisha fundi wa mtaani anakutengenezea ukisubiri. Ukipata yenye seti ya gia za Shimano 105 ama Tiagra, sawa kabisa. Kitu cha kuuliza ni kama tairi ya upana wa milimita 28 inaingia, manake nyingine zinaishia 25, na kwa barabara zetu za viraka 28 yenye upepo wa wastani haikucheleweshi kuliko 23 iliyojazwa mpaka ikawa jiwe, na mgongo utakushukuru.

Namba 2: mpya ya alumini yenye diski. Kama unaendesha msimu wa mvua, ama unapenda kushuka kule Mai Mahiu barabara ikiwa imelowa, hii inaweza kupanda iwe ya kwanza, kwa sababu rimu ikilowa unavuta breki na kwanza hakuna kinachotokea. Lakini usitishwe ati rimu zimepitwa. Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi aliyepitia mikononi mwa David Kinjah, aliyemfunza kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4 na rimu, na 2021 alisema wazi diski zinamsumbua kwa kusugua. Tadej Pogačar pia alishinda Tour ya 2020 na rimu. Na kama ni diski za mafuta, mwambie fundi mapema: Shimano ni mafuta ya madini, akikuwekea breki fluidi ya gari mipira ya ndani inaharibika na umenunua breki upya.

Namba 3: chuma cha miaka ya 80. Zinapendeza, sikatai, lakini shifta (vishikio vya kubadilisha gia) ziko kwenye bomba la chini la fremu, kila ukibadilisha gia unaachia usukani mkono mmoja na matatu iko nyuma yako. Kabla ya kulipa soma ubavu wa tairi: ikiwa ni 27 x 1 1/4 hiyo si saizi ya 700, kutafuta tairi itakuwa safari. Halafu sema ufunguliwe bomba linaloshika kiti uone kama linasogea, maana likiwa la alumini na ligandie ndani ya chuma halitoki kwa kubembelezwa.

Namba 4: kaboni mpya, gia za betri, nyaya zote zimefichwa. Tamu, nani anakataa, lakini kubadilisha beringi za usukani tu inaweza kumaanisha kuchomoa paipu za breki. Na ile kilo moja unayopunguza, wewe na baiskeli mkiwa kilo 80, kwenye mlima wa nusu saa ni kama sekunde 20. Kama hushindani, sekunde 20 unapeleka wapi?

Kaboni ya mtumba ya bei ya kutupa sijaipa namba, maana hujui ilianguka wapi, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi.

Ukichagua namba 1, pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu pale breki inaposhika, ukihisi pameingia ndani kama bakuli basi rimu imeliwa, toa hiyo gharama kwenye bei ama uondoke.