ELM327 ya pauni 10 na gari la petroli lililofeli moshi kwenye MOT

Karatasi ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari Uingereza, imerudi: gari limefeli moshi. Fundi wa kwanza atakayeiona huenda akasema kataliti imekufa, yaani lile dumu la kwenye ekzosi lenye sega la kauri ndani, na bei atakayotaja inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe kama ni Yaris au Corolla ya mwaka 2004. Kwa upande mwingine kuna ELM327, kile kiplagi kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachouzwa pauni 8 hadi 15 na kusomwa kwa simu. Tumekipima kwa kazi hiyo moja tu: je, kinaweza kukuonyesha kama fundi amesema kweli kabla hujatoa pesa?

Kinaweza, ila si kwa namna kinavyotumiwa na wengi. Wengi hukichomeka, wakasoma msimbo wa kosa, wakaufuta, wakakirudisha kwenye droo. Msimbo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Gari linaweza kufeli moshi bila taa ya injini kuwaka hata siku moja.

Tuanze na ununuzi, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu ya ELM327, Elm Electronics, ilifunga shughuli zake mwaka 2022, na karibu kila kinachouzwa kwa bei hiyo ni nakala. Hilo peke yake si tatizo, kwa sababu ziko nakala zinazofanya kazi vizuri kabisa. Angalia toleo linalotangazwa. "v1.5" haikuwahi kutolewa na Elm wenyewe, lakini nakala nyingi zenye jina hilo huongea lugha zote za magari. Nakala nyingi za "v2.1" zimepunguzwa: zinaelewa mtandao wa CAN wa magari mapya, lakini kwenye gari la 2001 hadi 2006 linalotumia ISO 9141 au KWP, lugha za zamani, zinabaki zikikuandikia "unable to connect". Na magari ya miaka hiyo ndiyo yanayofeli moshi. Kabla ya kununua, chungulia soketi ya gari lako. Ukiona pini ya shaba kwenye nafasi ya 7, huku nafasi za 6 na 14 zikiwa tupu, hiyo ni lugha ya zamani, usinunue v2.1. Mwenye iPhone asichukue ya Bluetooth ya kawaida, haitashikana na simu yake. Atafute ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE. Programu kama Torque, Car Scanner au OBD Fusion zote zinatosha.

Sasa karatasi. Kwa gari la abiria la petroli lililosajiliwa tangu Julai 2002, viwango vya kawaida vya MOT ni hivi: injini ikizungushwa mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, CO (kaboni monoksidi) isizidi asilimia 0.2, HC (petroli isiyoungua) isizidi 200 ppm, yaani sehemu 200 kwa milioni, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Lambda ni uwiano wa hewa na petroli: chini ya 1 petroli imezidi, juu ya 1 hewa imezidi. Injini ikiachwa bila kukanyagwa mafuta, CO isizidi 0.3. Kama mtengenezaji ametoa viwango vyake kwa modeli hiyo, hivyo ndivyo hufuatwa. Usiitupe karatasi hiyo. Mashine ya MOT imepima kilichotoka mwisho wa bomba, na ELM327 hukuonyesha kompyuta ya gari inadhani nini kinatoka. Thamani yote ya kifaa hiki iko kwenye kuviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu.

Kitu cha kutazama kwenye simu kinaitwa STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kufuatana na inachoambiwa na sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya kataliti. STFT ni ya papo hapo, LTFT ni ile iliyozoeleka kwa muda. Jumlisha mbili hizo. Jibu likiwa kati ya -5 na +5, gari lina afya. Likipita 10 upande wowote kuna jambo, hata kama taa haijawaka, kwa sababu kwa magari mengi kompyuta huvumilia mpaka zaidi ya 20 ndipo ilalamike.

Tuseme karatasi inasema CO 1.8 na lambda 0.95. Moshi una petroli nyingi kupita kiasi. Washa injini mpaka ipate moto kamili, shikilia 2,500, kisha usome.

Simu ikionyesha -18, kompyuta inajua petroli imezidi na inajitahidi kuipunguza, ila kuna petroli inaingia kwa njia isiyo na ruhusa. Washukiwa ni nozeli inayovuja, presha ya mafuta iliyozidi, au vali ya kuvuta mvuke wa tangi iliyokwama wazi. Hiyo ya mwisho hupimwa kwa koleo: bana taratibu mpira unaotoka kwenye vali kwenda kwenye manifoldi ya hewa huku ukitazama STFT. Ikipanda kuelekea sifuri ndani ya nusu dakika, umeipata. Kuna mshukiwa mwingine anayesahaulika, nayo ni oili. Gari la safari fupi fupi, la shule na dukani, hulimbikiza petroli ndani ya oili, na mvuke wake hurudi kwenye injini kupitia mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye hewa inayoingia. Chomoa mpira huo, ziba pande zote mbili kwa muda, tazama namba. Zikirudi karibu na sifuri, badilisha oili na filta yake kabla hujagusa kitu kingine. Hiyo ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Lakini simu ikionyesha +18 huku karatasi ikisema CO 1.8? Hapo ndipo kifaa cha pauni 10 kinajilipa. Kompyuta inaongeza petroli kwenye moshi ambao tayari umejaa petroli. Maana yake inadanganywa: sensa ya mbele inaona hewa ambayo haikupita kwenye injini, au sensa yenyewe imechoka na inasema "hewa" wakati wote. Ukibadilisha kataliti kwenye gari la namna hii, mpya nayo itaungua. Tafuta kwanza upenyo wa ekzosi kabla ya sensa, kwenye gasketi ya manifoldi au kwenye bomba la chuma linalonyumbuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, mtu azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku wewe ukisikiliza chini ya boneti. Mlio wa "tss-tss" au doa jeusi la masizi kwenye kiungo ni jibu tosha. Pasipo upenyo, sensa ndiyo ya kubadilisha.

Namba zikiwa karibu na sifuri, na karatasi ikisema CO 0.6 na lambda 1.00, fundi wako yuko sahihi. Mchanganyiko unaoingia ni mzuri, ila CO na oksijeni vinapita pamoja hadi nje bila kuunganishwa, na kazi hiyo ni ya kataliti. Thibitisha kwa sensa ya nyuma ya kataliti, B1S2 kwenye simu (ya mbele ni B1S1). Baada ya dakika tatu kwenye 2,500, volti yake inapaswa kutulia karibu 0.6 hadi 0.75. Ikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.8 kwa mdundo uleule wa sensa ya mbele, sega limekwisha.

Hapa kifaa hiki kina kasoro kubwa ambayo hutaiona imeandikwa kwenye boksi. Lugha ya ISO 9141 ni ya polepole, na ELM327 huuliza swali moja moja. Ukijaza skrini vipimo kumi vya kuvutia, kila kimoja husomwa baada ya sekunde mbili au tatu. Sensa ya mbele nzima hubadilika juu na chini karibu mara moja kwa sekunde. Kwa hiyo simu itakuchorea mstari wa kilegevu, nawe utaiita sensa mvivu wakati mvivu ni kifaa. Futa vipimo vyote, bakiza grafu ya B1S1 na B1S2 tu. Na baadhi ya Toyota za miaka hiyo zina sensa ya mbele ya aina ya A/F (ya uwiano wa hewa na petroli), ambayo programu za kawaida huionyesha ikiwa imetulia palepale kwenye 0.66. Hiyo si sensa iliyokufa, ndivyo thamani yake inavyogawanywa kabla ya kuonyeshwa. Usiinunulie nyingine kwa sababu hiyo.

Kwenye HC kifaa hakifanyi vizuri hivyo. Karatasi yenye HC 450 na CO 0.1 ni petroli iliyopita bila kuwaka: plagi, koili, au silinda yenye kompresheni ndogo. Kama kuna msimbo wa P0301 hadi P0304 utaambiwa ni silinda ipi, na hapo hamisha koili kwenda silinda nyingine uone kama msimbo unaifuata. Lakini plagi inayoruka mara moja kila nusu dakika haitaandika chochote. Fungua plagi zote uziangalie. Bei yake ni ndogo kuliko muda utakaoupoteza kutazama simu. Lambda ya 1.06 huku CO ikiwa chini nayo mara nyingi ni tundu la ekzosi linalovuta hewa nyuma ya sensa, na hilo ELM327 hailioni kabisa.

Panapong'aa ni kwenye uvujaji wa hewa upande wa kuingia. LTFT ikiwa +20 injini ikiwa haijakanyagwa, kisha ikashuka hadi +3 kwenye 2,500, kuna mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi imeachia, kwa sababu tundu lilelile lina uzito mkubwa hewa ikiwa kidogo. Ikifanya kinyume, yaani nzuri chini na ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) iliyochafuka au pampu ya mafuta inayochoka. MAF ioshe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si ya breki, na usiiguse waya kwa kitu chochote. Kwa injini ya lita 1.4 yenye moto, bila kukanyaga, tarajia MAF isome kati ya gramu 1.5 na 2.5 za hewa kwa sekunde.

Jaribio moja linahitaji uamke mapema tu. Gari likilala nje usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini, ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Vipishane nyuzi 2 au 3. Maji yakisoma nyuzi -5 hewa ikiwa 12, sensa ya maji inaidanganya kompyuta kwamba ni baridi kali, na petroli humwagwa ipasavyo. Kisha endesha barabara kuu: joto likishuka hadi 65 wakati thamostati ni ya 82, thamostati imekwama wazi. Magari kadhaa hufeli kwa kosa hili tu, na sehemu yake ni ya bei ndogo.

Kuhusu kufuta misimbo usiku wa kuamkia kipimo: Uingereza taa ya injini yenyewe ni kosa la kufelisha tangu Mei 2018, kwa gari la petroli lililosajiliwa kuanzia Julai 2003, kwa hiyo wengi hushawishika. Kufuta huondoa pia LTFT iliyozoeleka, na gari huingia kwenye kipimo likiwa halijajifunza upya. Marekani, majimbo yanayopima kwa soketi huangalia pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika, na gari lililofutwa jana hurudishwa nyumbani. Chupa za dawa ya kusafisha kataliti haziwezi kufufua sega lililoyeyuka wala lililopakwa majivu ya oili. Zikionekana kusaidia, mara nyingi ni ile safari ndefu ya moto unayoagizwa kuendesha baada ya kuimimina.

Wasomaji wa Nairobi na Dar wanaokinunua kifaa hiki wajue kwamba magari mengi ya soko la ndani la Japani ya kabla ya 2008 hivi yana soketi ileile lakini hayafuati kikamilifu OBD2, kanuni ya mawasiliano ambayo ELM327 huitegemea. Unaweza kupata joto na mizunguko bila kupata LTFT, au usipate kitu. Jaribu cha rafiki kwanza.

Kwa mwenye gari la petroli lililouzwa Ulaya tangu 2001, tunakipa nyota nne kati ya tano, moja imekatwa kwa uzembe wa matoleo na kasi. Mwenye kuhudumia magari ya watu kila siku aongeze pesa anunue kifaa cha OBDLink, ni cha haraka zaidi na haibahatishi lugha.

Siku ya kurudi kwenye MOT, endesha angalau dakika 20 kabla ili oili na kataliti vipate moto, na usizime injini ukiwa kwenye foleni. Kiplagi kichomoe kabla ya kukabidhi ufunguo, kwani baadhi ya mashine za kupima moshi husoma mizunguko ya injini kupitia soketi hiyohiyo. Na nyumbani usikiache humo: pini ya 16 ina umeme muda wote, na betri iliyozeeka haitavumilia wiki mbili za maegesho.