Dodoso la usonji la M-CHAT-R/F: linafaa kliniki za Mombasa, ila msiishie kwenye karatasi

M-CHAT-R/F ni dodoso la maswali 20 ambayo mzazi hujibu ndiyo au hapana, ili kubaini mapema dalili za usonji (autism). Liliundwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, Diana Robins, Deborah Fein na Marianne Barton, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Kliniki na watafiti hulipakua bure, mradi maneno yake yasibadilishwe bila idhini. Siku nzuri ya kulitumia ni ile ya chanjo ya surua ya miezi 18: mama yuko kliniki tayari, kijitabu mkononi, na maswali yenyewe ni ya dakika chache tu.

Kila jibu la kutia shaka ni alama moja. Kwa kawaida jibu hilo ni "hapana", lakini kwenye swali la 2 (umewahi kudhani mtoto hasikii?), la 5 (huchezesha vidole karibu na macho kwa namna isiyo ya kawaida?) na la 12 (hukerwa na sauti za kila siku?) alama hutolewa kwa "ndiyo". Ukihesabu "hapana" zote bila kuangalia hayo matatu, jumla yako ni batili. Alama 0 hadi 2 hazina wasiwasi, ila aliye chini ya miaka miwili arudiwe akishaitimiza. Mwenye 8 au zaidi apewe rufaa pasi na kungoja.

Wa alama 3 hadi 7 ndio wenye kuhitaji herufi F, yaani mahojiano ya ufuatiliaji (Follow-Up). Hapo huulizwa tena yale tu yaliyotia shaka, kwa mifano. Yakibaki mawili au zaidi, rufaa. Kliniki ikiruka hatua hii, itawatia hofu wazazi wengi bure. Katika utafiti wa 2014 uliopima watoto 16,071 huko Marekani, waliobaki na shaka baada ya mahojiano asilimia 47.5 walikuwa na usonji, na asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au jambo fulani la ukuaji. Rufaa ya namna hiyo haipotezi muda wa mtu.

Kasoro kubwa kwetu ni lugha. Muuguzi mwenye haraka huligeuza swali kuwa la kukanusha: "Mama, hageuki ukimwita jina?" Mama anajibu "ndiyo", maana yake ni kweli, hageuki. Karatasi inapokea "ndiyo" kama jibu jema, na mtoto anapita. Ulizeni kwa kukubali: "Ukimwita jina, hugeuka?"

Neno "kuonyesha" nalo ni mtego. Swali la 6 lataka kidole cha kuomba kitu, kama biskuti iliyo juu; la 7 lataka kidole cha kumshirikisha mama kitu cha kupendeza, kama ndege angani. Kumvuta mama mkono si kunyoosha kidole, na mkono mzima si kidole kimoja. Mchezo wa kuigiza usiuite "kujifanya", mama atasikia lawama. Uliza kama mtoto hunywa kwenye kikombe kitupu au hupika mchanga kwenye kifuu. Na mfano wa mashine ya kufyonza vumbi, uliomo kwenye swali la 12 la sauti, hauna maana nyumba nyingi za Kisauni au Likoni. Kwenye mahojiano taja blenda, tuktuk, spika za harusi.

Jirani zetu Kilifi walitengeneza kipimo chao, Kilifi Developmental Inventory, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa vinavyopatikana hapa hapa. Hicho hupima viungo na mikono, hakichukui nafasi ya hili, lakini ndivyo kazi ya watafiti na jamii inavyopaswa kufanywa.

Swali la 2 likitoa alama, masikio yapimwe hata kama jumla ni ndogo. Na matokeo, pamoja na maswali yaliyobaki, yaandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto: karatasi hubaki kliniki, na familia ikihamia Kwale mhudumu wa huko ataanza upya.