Dinari ya lejioni ya Marcus Antonius: yafaa kununuliwa?

Anayetafuta dinari (sarafu ya fedha) yake ya kwanza ya Roma ya kale aanze na hii ya jemadari Marcus Antonius. Ilipigwa mwaka 32 na 31 KK kuwalipa askari na mabaharia waliojiandaa kumkabili Octavian, mpinzani wake katika kugombea utawala wa Roma, na zilipigwa nyingi mno hata leo hazijawa adimu.

Upande mmoja una merikebu ya makasia, juu yake ANT AVG. Wengi husoma AVG kama Augustus, jina la kaisari wa kwanza wa Roma. Sivyo: ni augur, kuhani aliyesoma mapenzi ya miungu kwa kutazama ndege, cheo alichokuwa nacho Antonius. Upande wa pili kuna tai wa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, katikati ya alama mbili za vikosi, na chini LEG na namba. Sura ya mtu haipo kabisa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: askari alitiwa mkononi namba ya lejioni, si uso wa mkubwa wake.

Kasoro yake ni fedha. Ilitiwa shaba kuliko dinari za kawaida, kwa hiyo watu waliweka akiba zile nzuri na kutumia hizi, zikazunguka kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nyingi zimesagika hadi namba haisomeki, na namba ndiyo bei. Usilipie kwa bei ya yenye namba ile inayosomeka LEG tu. Ukiona XXIV (24) au zaidi, iache. Halisi huishia XXIII (23).

Ipime kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Nyingi huwa gramu 3.3 hadi 3.9, kipenyo milimita 17 hadi 19. Nyepesi sana ilhali haijalika? Huenda ni shaba iliyovikwa fedha. Chunguza kichwa cha tai na sehemu nyingine zilizoinuka kama wekundu au ukijani unachungulia. Kisha geuza ukingo: mstari wa kuunganisha ukizunguka pembeni ni dalili ya kumiminwa katika kalibu. Vijiufa vya ukingoni visikutishe, nyundo ndiyo iliyovileta.

Weusi wake usiusugue kwa dawa ya meno wala magadi. Ukiung'oa, bei inashuka nao. Usiiangushe pia, maana fedha ya kale huwa kavu na hukatika. Mifuko laini ya plastiki ya PVC huiachia utando wa kijani unaonata, basi ihifadhi katika karatasi isiyo na asidi.